Kashibai Kanitkar: binti aliyenyimwa shule akaacha vitabu

Leo tunavuka Bahari ya Hindi hadi magharibi mwa India, kwenye nchi ya watu wanaozungumza Kimarathi. Hapo alizaliwa Kashibai Kanitkar, mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja utotoni, lakini ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi mkubwa wa kwanza wa kike wa hadithi za kubuni katika lugha hiyo.

Kimarathi si lugha ndogo. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 83 wanaokitaja kuwa lugha yao ya kwanza, wengi wao katika jimbo la Maharashtra, lenye miji ya Mumbai na Pune. Ina mashairi ya karne nyingi, magazeti na vitabu tele. Hata hivyo, hadithi walizoandika wanawake wake zilikaa muda mrefu kabatini. Kufika kwa maandishi ya Kashibai kwa wasomaji wa lugha nyingine, Kiingereza kwanza, ni safari iliyochukua zaidi ya miaka mia moja.

Kuzaliwa na kuolewa

Kashibai alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Ashta, ambao leo uko wilaya ya Sangli, kusini mwa Maharashtra. Familia yao ilikuwa na uwezo, na ilikuwa ya tabaka la Brahmin, tabaka la juu katika dini ya Kihindu. Mtu angedhani kwamba binti wa nyumba kama hiyo angesomeshwa. Haikuwa hivyo. Wavulana wa Kibrahmin walisoma kwa sababu elimu ilikuwa urithi wao. Wasichana waliambiwa kwamba msichana ajuaye kusoma atageuka mjane mapema, au atakuwa na ulimi mrefu ukweni.

Haimaanishi kwamba shule za wasichana hazikuwepo. Mwaka 1848, miaka 13 kabla Kashibai hajazaliwa, Savitribai Phule na mumewe Jotirao walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Lakini Savitribai alitoka tabaka la chini, na wakubwa wa mji walimpinga kwa nguvu. Nyumba nyingi za Kibrahmin ziliendelea kufunga mlango.

Akiwa na miaka tisa Kashibai aliozwa kwa Govind Vasudev Kanitkar, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi. Wakati ule huo ulikuwa umri wa kawaida wa kuoza binti. Serikali ya kikoloni ya Waingereza haikuwa imeweka umri wa chini wa ndoa kwa Wahindu. Sheria iliyokuja mwaka 1891 ilipandisha tu umri ambao mume anaruhusiwa kulala na mkewe, kutoka miaka 10 hadi 12, na hata hiyo ilizua ghasia za maneno nchi nzima. Umri wa miaka 14 kwa binti kuolewa uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1929, Kashibai akiwa mtu mzima wa karibu miaka 70.

Kati ya mume na wanawake wa nyumba

Govindrao, kama alivyoitwa kwa heshima, alikuwa kijana wa kizazi kipya. Alisoma Kiingereza, alipenda mashairi, na baadaye akawa hakimu. Vijana wa aina yake walikutana na jambo lililowasumbua: wameoa watoto, na watoto hao hawajui kusoma. Wao walitaka mke wa kuzungumza naye habari za vitabu. Kwa hiyo Govindrao alimtaka mkewe ajifunze.

Ukilitazama kwa haraka, msikilizaji, utasema binti huyu alikuwa na bahati. Lakini hebu jiweke mahali pake. Nyumba ya ukweni haikuwa ya watu wawili. Kulikuwa na mama mkwe, mawifi, shangazi wa mume na wajane wazee wa ukoo, na wote hao walilelewa wakiamini kwamba kitabu mkononi mwa mke ni mkosi. Mume akitoka kwenda kazini, mke mdogo hubaki nao mchana kutwa. Akishika kitabu anawaudhi wao. Akikiacha anamuudhi mume. Wanawake wengi wa Maharashtra wa kizazi kile wameeleza mateso hayo katika kumbukumbu zao: kusoma kwa kujificha, kazi za nyumbani kuongezwa makusudi, na masimango ya kila siku.

Kashibai alipita humo humo. Alianza na herufi, akaingia Kimarathi kizito, kisha Kisanskriti na Kiingereza. Hakuwa na cheti chochote. Alichokuwa nacho ni vitabu vya mumewe na uvumilivu. Jambo moja lilimsaidia: mumewe alikuwa mtu anayefikiri sana juu ya hali ya wanawake. Ni yeye aliyetafsiri kwa Kimarathi kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill cha mwaka 1869, kinachodai kwamba kumweka mwanamke chini ya mwanamume hakuna msingi wa haki. Hoja za kitabu hicho zilizungumzwa nyumbani kwao, na ziliingia kichwani mwa Kashibai.

Kuanza kuandika

Kutoka kusoma, Kashibai alihamia kwenye kuandika. Alikuwa na rafiki wa familia, Hari Narayan Apte, kijana aliyezidiwa umri na Kashibai kwa miaka mitatu, ambaye baadaye alitajwa kuwa baba wa riwaya ya kisasa ya Kimarathi. Walizungumza na kuandikiana juu ya vitabu. Urafiki wa mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiye ndugu yake, tena kwa ajili ya fasihi, ulikuwa jambo geni kabisa.

Apte aliandika riwaya maarufu ya miaka ya 1890 inayosimulia maisha ya mwanamke mjane, na akaisimulia kana kwamba mjane mwenyewe ndiye anayesema. Iligusa mioyo ya watu. Lakini bado alikuwa mwanamume anayesema kwa sauti ya mwanamke. Kwa Kashibai, mwanamke mwenyewe alishika kalamu.

Riwaya yake ya kwanza ndefu, *Rangarao*, ilitoka kitabu mwaka 1903. Aliandika pia hadithi fupi. Mkusanyo mmoja uliitwa *Shevat Tar God Zala*, maana yake ni kwamba angalau mwisho ulikuwa mtamu. Mwingine, wa mwaka 1921, uliitwa *Chandanyatil Gappa*, yaani soga za kwenye mbalamwezi. Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyekulia kijijini. Kazi zimekwisha, vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, na wanawake wamekaa uani wakizungumza yale ambayo mchana hayasemeki.

Mambo anayoandika ni ya nyumbani: ndoa, elimu ya binti, mume na mke kuelewana au kutoelewana, mjane na nafasi yake. Wapo waliodharau hadithi za aina hiyo wakiziita za jikoni. Lakini kwa mwanamke wa wakati ule, jikoni na uani ndipo maisha yake yalipoamuliwa. Hakukuwa na baraza jingine alilokaribishwa.

Hata hivyo, kuna baraza moja aliloingia. Mwaka 1889 chama cha Indian National Congress kilifanya mkutano wake mkuu mjini Mumbai, na kwa mara ya kwanza wanawake wapatao kumi walikuwa miongoni mwa wajumbe. Kashibai alikuwa mmoja wao.

Kitabu cha Anandibai

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya Kashibai ajulikane mapema zaidi. Si hadithi ya kubuni. Ni maisha ya mwanamke mwenzake.

Anandibai Joshee alizaliwa mwaka 1865. Naye aliolewa na miaka tisa, na mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, Gopalrao, karani wa posta. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto, na mtoto huyo akafa baada ya siku chache. Msiba huo ulimpa nia ya kuwa daktari, kwa sababu wanawake wa nchi yake walikuwa wakifa kwa kukosa tabibu wa kike. Mwaka 1883 alipanda meli kwenda Marekani bila mumewe. Mwaka 1886 alihitimu katika chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia. Alirudi India akiwa ameshapata kazi katika hospitali ya Kolhapur, lakini alikuwa na kifua kikuu. Alifariki mjini Pune tarehe 26 Februari 1887, kabla ya kutimiza miaka 22. Hakuwahi kuanza kazi aliyoisomea.

Mwaka uliofuata, 1888, Mmarekani Caroline Dall alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza. Kwa hiyo wageni walikuwa na kitabu cha Anandibai kabla ya watu wa kwao. Kashibai aliona pengo hilo. Alikusanya barua za Anandibai, akazipanga, na miaka michache tu baada ya kifo chake akatoa wasifu wake kwa Kimarathi.

Kazi hiyo ilikuwa na mtego. Gopalrao alisifiwa kila mahali kuwa mume aliyemsomesha mkewe. Ni kweli alimsomesha. Lakini barua zilionyesha pia kwamba alimpiga alipokuwa mtoto ili asome, na kwamba hata baada ya mkewe kufika ng'ambo aliendelea kumwandikia kwa ukali. Ingekuwa rahisi kuficha hayo, kwa kuwa mume alikuwa hai na sifa zake zilikuwa zimeshaenea. Kashibai hakuyaficha. Alijua kutokana na maisha yake mwenyewe kwamba mume anayependa maendeleo bado ni mume, na kwamba mke anayesomeshwa kwa amri bado yuko chini ya amri. Bila kitabu hicho, barua nyingi za Anandibai huenda zisingetufikia.

Nchi aliyoitunga mwenyewe

Mwaka 1928, akiwa na miaka 67 na mumewe ameshafariki, Kashibai alitoa riwaya ya *Palkhicha Gonda*. Jina lina maana ya shada la nyuzi za hariri linaloning'inia kwenye machela, ile machela ya kifahari ambayo wakubwa walibebwa mabegani mwa watumishi. Ni pambo la utajiri. Wazazi humtamani bwana harusi mwenye machela kwa ajili ya binti yao, na mara nyingi hawaulizi zaidi ya hapo.

Ndivyo inavyokuwa katika riwaya hiyo. Binti anaozwa kwa mwana wa mfalme ambaye akili yake haiwezi kazi ya kutawala. Ndoa hiyo ingeweza kuwa kaburi lake. Badala yake, utawala unaangukia mikononi mwake, naye anautumia kuijenga nchi ambamo wanawake wanasoma, wanafanya kazi za serikali na kulindwa na sheria. Kashibai hakuwa amewahi kuiona nchi ya namna hiyo, na wasomaji wake pia hawakuwa wameiona. Aliitunga ili waione.

Tusidhani kwamba njia ilikuwa imeshafunguka. Mwaka 1933, miaka mitano tu baada ya riwaya hiyo, mwalimu mmoja kijana alitoa mkusanyo wa hadithi fupi juu ya wasichana waliosoma na upweke wao. Alitumia jina la kubuni, Vibhavari Shirurkar. Watu wa Pune waliwaka hasira, wakataka kujua ni nani huyo anayethubutu. Leo tunajua kwamba alikuwa mwandishi aliyekuja kufahamika kama Malati Bedekar, na aliishi hadi mwaka 2001. Mwanamke bado alilazimika kujificha nyuma ya jina ili aandike juu ya wanawake. Kashibai alikuwa ameandika kwa jina lake halisi tangu karne iliyotangulia.

Kashibai alifariki mwaka 1948, muda mfupi baada ya India kupata uhuru. Aliishi miaka 87. Vitabu vyake havikuchapwa tena kwa wingi. Jina la rafiki yake Apte liliingia katika mafunzo ya fasihi na kubaki humo. La Kashibai lilibaki kwa wachache, mara nyingi likitajwa kwa sentensi moja kisha mwandishi anaendelea na wengine.

Waliokwenda kumtafuta

Miaka thelathini hivi baada ya kifo chake, mtafiti wa fasihi ya Kimarathi Sarojini Vaidya alizikusanya kumbukumbu ambazo Kashibai aliandika juu ya maisha yake, akazitoa kitabu pamoja na maelezo yake mwenyewe. Kumbuka, msikilizaji, kwamba Kashibai alikuwa amemfanyia Anandibai jambo hilo hilo. Sasa naye akafanyiwa.

Bado ilikuwa ndani ya Kimarathi. Mwaka 1991, Susie Tharu na K. Lalita walitoa juzuu ya kwanza ya mkusanyo mkubwa wa maandishi ya wanawake wa India, yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza kutoka lugha nyingi. Humo kulikuwa na kipande cha *Palkhicha Gonda*. Kisha akaja Meera Kosambi, mwanasosholojia aliyezaliwa mwaka 1939 na aliyeongoza kituo cha utafiti wa masuala ya wanawake katika chuo kikuu cha wanawake cha SNDT, Mumbai. Mwaka 2008 alitoa kitabu kizima juu ya Kashibai, kikiwa na maandishi yake kwa Kiingereza. Mwaka 2012 alitoa kingine juu ya hadithi za waandishi wa kike wa Kimarathi kabla ya uhuru. Kosambi alifariki mwaka 2015. Kwa kazi hiyo, mtu asiyejua herufi moja ya Kimarathi anaweza kumsoma Kashibai.

Kwa nini kazi hiyo ni ngumu? Chukua mfano wa maneno ya nyumbani. Kimarathi kina neno *maher*, nyumba aliyozaliwa mwanamke, na *sasar*, nyumba ya mumewe. Kwa bibi harusi mtoto, maneno hayo mawili yanabeba dunia nzima. *Maher* ndiko aliko mama yake. *Sasar* ndiko anakotazamwa kila hatua. Kiingereza hakina neno moja moja la kuyabeba. Kinalazimika kueleza kwa sentensi. Sisi tuna kwetu na ukweni, na tunaelewa mara moja. Chukua tena *nanand*, dada wa mume. Kiingereza kina neno moja kwa dada wa mume, dada wa mke na mke wa kaka. Ukisoma kwa Kiingereza kwamba *nanand* amemkuta bibi harusi anasoma kitabu, hujui hatari iko wapi. Mwambie Mswahili kwamba wifi ndiye aliyemkuta, naye atashika kichwa.

Kwa hiyo anayetafsiri hadithi hizi hawezi kutegemea kamusi peke yake. Kwanza lazima ajue nyumba ile ilivyo: nani anakaa wapi, nani anakula wa mwisho, nani anaruhusiwa kusema mbele ya nani. Mtu aliyezidharau hadithi za jikoni hawezi kuzitafsiri vizuri, kwa sababu hajui uzito uko kwenye neno gani.

Anachotuachia

Ukiyatazama maisha ya Kashibai kwa mpangilio, unaona mnyororo. Anandibai aliandika barua. Kashibai alizikusanya zisipotee. Vaidya alikusanya kumbukumbu za Kashibai. Kosambi akazivusha katika lugha ya pili. Kila mmoja alifanya kazi ya kumbeba mwenzake, na kama pete moja ingekatika, tusingekuwa na cha kusimulia leo.

Hakuna aliyelazimishwa kufanya hivyo. Anandibai alikuwa na wasifu wa Kiingereza tayari, na watu wangeweza kuona hicho kinatosha. Kashibai alikuwa ametajwa kwa sentensi moja katika historia ya fasihi, na watu wangeweza kuona hiyo inatosha pia. Mara nyingi maandishi ya wanawake yamepotea hivyo, bila mtu kuyachoma moto. Yanatajwa mara moja, yanawekwa kando, mchwa wanamaliza kazi.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna sanduku la marehemu bibi au shangazi, lenye daftari, barua au nyimbo alizoandika kwa mkono wake, lifungue kabla ya msimu wa mvua. Piga picha kwa simu kila ukurasa, na andika nyuma jina lake kamili na mwaka. Mtu wa kuzisoma anaweza kuchelewa kuja, kama alivyochelewa kwa Kashibai. Lakini atakapokuja, azikute.